Kazi ya Mikono Minne

Goti la kushoto limekandamiza bati, mkono wa kulia unazungusha puli, kigurudumu cha kuviringia kamba, ncha ya kamba ameiuma mdomoni. Mwanamke huyu, ambaye waendesha boti wote wanamwita Mama Kamba, hawezi kuitikia salamu ya mwandishi aliyeingia kibandani mwake. Anamwonyesha kigoda kwa macho tu.

Lililo chini ya goti ni bati la juu la injini ya boti iliyozeeka mpaka rangi yake haijulikani tena. Ndani yake mna springi bapa, ndefu, iliyojiviringa. Ndiyo inayoirudisha kamba ndani kila mara mtu akishaivuta kuwasha injini. Jana springi hiyo ilikatika.

"Ilinigomea katikati ya maji," anasema mwenye boti, ambaye husafirisha wagonjwa kwenda zahanati ya ng'ambo. "Nimembeba mjamzito na mama mkwe wake. Navuta kamba, inatoka yote, hairudi. Spana ya kufungulia bati, nizungushe kamba kwa mkono, sina. Nikapiga kasia mpaka mikono ikafa ganzi. Yule mama mkwe ananiambia, 'Baba, mjukuu wangu akizaliwa humu, utamlea wewe.'"

Walifika salama. Mtoto alizaliwa zahanati, wa kike.

Springi mpya ya injini hiyo haipatikani tena madukani. Mama Kamba ameichoma ncha iliyokatika kwa moto mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe yenyewe, kisha akaikunja kwa koleo kutengeneza ndoano nyingine. Sasa anaikaza, na hapo ndipo penye shughuli. Mtu mmoja huishikilia puli isirudi nyuma, mwingine hupenyeza kamba na kupiga fundo.

"Hii ni kazi ya mikono minne," anasema, fundo likishakaa. "Mume wangu anashikilia, mimi nafunga. Hata tukiamka tumenuniana, humu ndani lazima tuongee. Utafanyaje, na mwenzako kashika springi?"

Mumewe, aliyemfundisha ufundi huo, alifariki miaka mitatu iliyopita kwa maradhi ya figo. Watoto wao wawili wa kiume wanafanya kazi mbali. Hupiga simu Jumapili. Jirani wa karibu ni ghala ambalo siku nyingi limefungwa. Wateja nao wamepungua, maana injini za siku hizi huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Zipo wiki ambazo hagongewi mlango hata mara moja.

Juu ya nyusi yake kuna kovu. Alilipata mara ya kwanza alipojaribu kazi hiyo peke yake.

"Springi ilifyatuka. Damu ikaniingia machoni, sioni. Nikapiga kelele nikamwita mume wangu, kwa jina lake kabisa, nikamwambia lete kitambaa." Anafuta grisi vidoleni. "Nikawa nasubiri alete."

Aliyempeleka hospitali ni mpita njia. Tangu hapo hulibana bati kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani, au hulikalia kwa goti. Mwenye boti, akiulizwa kwa nini hasaidii, anacheka akiwa mlangoni: "Mimi na kitu hicho? Macho yangu bado nayahitaji, mama."

Injini inafungwa kwenye pipa la maji. Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, inanguruma, moshi unajaa kibandani. Mwenye boti anapiga makofi, analipa, anajitwisha injini begani na kuondoka mbio. Kuna mgonjwa anamsubiri.

Mama Kamba anabaki akiutazama mlango.

"Injini ikikataa, mtu anakaa hapa tunapiga soga. Ikiwaka tu, huyo kaenda. Sasa niombee zikatae?"

Ana mpango. Mwanamke mmoja, fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ambayo inabomolewa mwezi ujao. Mama Kamba amemwomba ahamie kibandani, upande wa dirisha, bila kodi. Upande huo ameshaufagia, na pazia amelitundika ili moshi usiharibu nguo za watu. Fundi cherehani hajakubali. Amesema harufu ya petroli inamuumiza kichwa, ila atafikiria.

"Namngoja," anasema Mama Kamba. "Sio lazima anisaidie kazi. Ashone zake, nami nifanye zangu. Kuna siku mtu unataka tu kumwambia mwenzako kwamba leo kuna joto."