Mzabibu Mwekundu Unaohama Nyumba

Mkasi ndio unaosikika kwanza. Kak. Kimya. Kak. Ukungu umelifunika bonde la Salnés asubuhi hii ya Januari, na aliyeko shambani haonekani mpaka umkaribie kiasi cha kuguswa na tawi analolikata.

Ni Saleta Piñeiro, mwenye miaka hamsini na minane, buti za mpira miguuni, skafu kichwani. Amesimama chini ya chanja la mizabibu, mikono juu, kama mtu anayeanua nguo. Wenzake wakipogoa mwezi huu, matawi huyaacha chini na kuyachoma. Saleta anayachagua. Yenye unene wa kalamu anayafunga kwa kamba, kisha anayalaza ndani ya sanduku lenye mchanga wa unyevu.

"Haya siyachomi," anasema. "Haya yana safari."

Saleta ni fundi wa kubebesha mizabibu. Ikifika Machi hulikata shina la zamani karibu na kichwa, akalipasua kwa kisu, akachomeka humo vikonyo viwili, yaani vipande vya matawi kama haya, vya aina nyingine na kufunga. Mizizi hubaki ile ile, zabibu zikawa nyingine. Hulipwa euro mbili kwa shina, na katika vijiji vya Meaño hakuna anayebisha kwamba mkono wake ndio msafi kuliko yote.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Hermitas. Enzi za Hermitas bonde hili lilikunywa mvinyo mwekundu: caíño, mkali, wa kumfanya mnywaji afumbe jicho moja, na espadeiro, mwepesi zaidi, wa kunywewa mchana wa kazi. Kisha albariño, zabibu nyeupe ya nyumbani hapa hapa, ikapata jina mbali. Wanunuzi wakaja na malori. Kilo ya nyeupe ilipita euro mbili. Nyekundu hawakuiuliza hata bei.

Na tusidanganyane: albariño ni mvinyo wa haki. Ni mkavu, unanukia tufaha bichi na upepo wa chumvi, na wanaoulaza juu ya mashapo yake miezi mingi huupata mzito na laini. Anayeudharau hajaunywa. Lakini mtu wa Salnés aliye ugenini, anapoikumbuka meza ya kwao, anaona bakuli jeupe la kunywea mvinyo lenye doa la zambarau ukingoni. Doa hilo halitoki kwa sabuni. Wala halitoki kichwani.

Kwa miaka thelathini Saleta alipita nyumba kwa nyumba na kisu chake, akiigeuza mizabibu myekundu kuwa myeupe.

"Nusu ya weupe unaouona umepita mikononi mwangu," anasema, macho yakiwa kwenye tawi. "Watu walitaka kula. Ningewaambia nini?"

Yake mwenyewe hakuigusa. Kando ya ukuta wa mawe imebaki safu ya caíño aliyoipanda Hermitas. Hutoa pipa moja kwa mwaka. Pipa likiiva, Saleta hutundika tawi bichi mlangoni, watu wakajua kuna kitu. Huja, wakakaa kwenye benchi la jikoni, wakanywa kwa bakuli pamoja na soseji na kimanda cha viazi. Pipa likikauka, tawi hushuka.

Mwaka huu tawi limeshatundikwa. Litashuka, na huenda lisipande tena.

Sababu ni simu ya Jumapili. Delmiro, mdogo wake, anapaka rangi nyumba za watu Uswisi tangu akiwa na miaka ishirini na minane. Sasa ana hamsini na nne, na mgongo umekataa ngazi. Anataka kurudi. Shamba ni la wote wawili, na hesabu aliyoipiga ni rahisi: litawalisha wawili iwapo tu lote litakuwa jeupe, pamoja na safu ya mama.

Saleta anasema hakuamriwa. Aliulizwa tu.

"Angenifokea ningemkatalia," anasema. "Akaniuliza kama jikoni bado kunanukia vile vile. Nikamwambia, njoo unuse mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyokubali. Machi kisu kitaingia kwenye mashina ya Hermitas. Ndugu yake atarudi, na gharama ya kurudi kwake imesimama hapo ukutani, bila majani, ikisubiri.

Ukungu unapoinuka, Saleta anabeba sanduku lake hadi jikoni na kulisukuma chini ya meza. Hajakaa vizuri, mlango unasukumwa. Ni Amaro Outeda, jirani wa miaka themanini na mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wa kwanza kumwita aigeuze mizabibu yao.

"Hujambo, muuaji," anasema mzee.

"Sijambo. Ulinilipa niue, mzee Amaro. Tena uliomba punguzo."

"Na hukunipa."

"Ulikuwa na ng'ombe wawili, ukalia kama yatima."

Mzee anacheka, anaketi pale anapoketi siku zote, anapokea bakuli lake. Anafumba jicho moja. Habari za Delmiro amezipata dukani, na amekuja na swali: je, pipa la mwakani litakuwepo?

Saleta anamjibu bila kuzungusha. Mzabibu uliokatwa hauzai mwaka huo, na ukianza kuzaa utazaa nyeupe. Pipa hili ndilo la mwisho.

Amaro analiweka bakuli mezani. Kwa muda anautazama ule mduara wa zambarau, na utani wote umemwisha usoni.

"Nilidhani nitatangulia mimi," anasema. "Usinijazie tena leo. Acha nikae nalo hili."

Saleta anainama, analivuta sanduku kutoka chini ya meza, anafukua mchanga kwa vidole mpaka kikonyo kimoja cha caíño kinaonekana, chekundu-kahawia, macho yake ya kuchipulia yamefura. Anakiweka kiganjani mwa mzee.

"Ile safu iliyo mbele ya mlango wako," anasema, "niliyoikata mimi. Mizizi yake bado ni ile ya zamani?"

"Mizizi nani angeigusa."

"Basi Machi, kabla sijagusa shina hata moja la mama, nitaanza kwako. Nitautoa weupe niliouweka, nirudishe wekundu."

Amaro anakigeuza kikonyo, anakinusa kana kwamba tayari kina kitu cha kunuswa.

"Utanitoza?"

"Euro mbili kwa shina. Punguzo hakuna."

"Na itazaa lini, binti wa Hermitas? Unajua umri wangu."

Saleta anachukua bakuli la mzee na kulijaza hadi ukingoni, ingawa amekatazwa.

"Mwaka wa pili," anasema. "Wewe kazi yako ni kungoja. Bakuli la kwanza nitakumiminia mimi, kwenye benchi hilo hilo, nakuahidi. Ila siku hiyo utasogea kidogo, mzee. Delmiro naye atataka kukaa."