Sahani Sita

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, sahani zangu zilianza kupungua moja moja. Mimi nina hasira za karibu, nikamfokea binti yangu: unazivunja ama unaziuza? Alikuwa na miaka kumi na minne. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Siku moja nikaingia kwa jirani yetu, mama mzee kutoka Burundi anayeishi peke yake, sisi tunamwita koko, yaani bibi. Nikaziona sahani zangu sita, zimeoshwa, zimepangwa ukutani. Kumbe binti yangu alikuwa anampelekea sehemu ya chakula chake mwenyewe. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na koko hakuwa na kitu cha kuweka ndani. Aliona haya, akabaki nazo. Mtoto alilijua hilo, hakuzidai hata siku moja. Aliona afadhali nimfokee yeye.

Mwaka huu amekwenda Lilongwe kujifunza kushona. Napika bugali ya mtu mmoja na bado inabaki. Jioni nasikia majirani wakiwaita watoto wao waje kula, nafunga mlango.

Jumamosi ya kwanza tangu aondoke, koko akabisha hodi, sahani moja mkononi, tupu.

"Mtoto wako njo alinituma," akasema. "Alisema niache kuona haya, nikuletee moja kila juma, juu utabakia peke yako."

Jana alileta ya sita. Tulipomaliza kuongea alisimama, akakawia mlangoni. Hakuwa tena na sababu ya kurudi.

Nikaijaza maharage, nikamrudishia.