Tairi la Ndani na Mkono wa Bi Harusi

Nimeolewa mara moja tu maishani, na siku hiyo hiyo niliihujumu gari ya baba yangu. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie bure mbele ya safari.

Baba alikuwa na gari ya abiria, lori dogo lenye bodi ya mbao, ikitoka Konde, huko kwetu Pemba, kila asubuhi kwenda Wete. Nyuma ilikuwa na tairi nne, mbili kila upande, moja nje na moja ndani. La nje halina taabu. Kila mtu analiona na kila mtu analipiga teke, hata asiyejua gari inawashwa vipi. La ndani ndilo lenye kiburi. Limejificha nyuma ya mwenzake, na kijidomo chake cha kutilia upepo hukifikii mpaka upenyeze mkono kwenye tundu la rimu ya nje, ukunje kiganja, upapase kama mtu anayetafuta sindano chini ya kabati. Zamani palikuwa na mrija wa kurefushia, ukakatika. Baba hakuhangaika kutafuta mwingine, kwa sababu alikuwa na mimi.

Mkono wake yeye ulikwama kwenye kifundo. Wa utingo wake, mtu mzima mwenye watoto wanne na viganja kama masinia, haukupita hata vidole. Wangu ulipita. Tangu nikiwa msichana wa chuo cha Kurani mpaka nikawa mwanamke wa kuposwa, mimi ndiye niliyepima upepo wa tairi za ndani, na kazi ile nilijivunia kuliko cheti chochote cha skuli. Mtu akinisifia macho nilishukuru, akinisifia mkono nilifurahi kweli.

Kisha nikaposwa na fundi wa mashine za boti wa kisiwa cha Fundo, tukapendana, na wiki moja kabla ya ndoa nikawekwa ndani kama ilivyo ada. Aliyenisimamia ni shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka Wesha na mkoba wake wa liwa, udi na karafuu za kusaga. Shangazi alikuwa amewaweka ndani mabi harusi wa ukoo mzima na hajawahi kutorokwa na hata mmoja. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye mkeka akanisomea sheria.

"Mwari hachunguliwi na jua wala na mwanamme," aliniambia. "Ukionekana nje kabla hujaozwa, miye nabeba mkoba wangu narudi kwangu, na harusi yenu mtaijua wenyewe."

Hakuwa mtu wa kutisha bure. Harusi moja ya binamu yangu aliiacha katikati kwa kosa dogo kuliko hilo, na mpaka leo watu wanaihadithia.

Sasa, tairi la ndani la kushoto lilikuwa na maradhi kabla sijawekwa ndani. Lilikuwa linapungua kidogo kidogo, na nilimwambia baba. Akasema atalitia kiraka. Halafu ikaja mipango ya harusi, mchele, viti na turubali, na kiraka kikasahaulika. Wiki nzima nililala kwenye godoro nikisuguliwa liwa, huku nje ya dirisha nikimsikia utingo kila asubuhi akiligonga tairi kwa nondo. Ngo, ngo. "Zima!" anasema. Alikuwa anagonga la nje. La nje linaitikia kwa niaba ya wote wawili, kama mke mwenza mwenye adabu, na la ndani linazidi kulegea.

Na gari ile ile ndiyo iliyokuwa imepangwa siku ya ndoa kwenda Wete kumchukua bwana harusi, mama yake na jamaa zake wote watakaoshuka kutoka Fundo. La ndani likilegea, la nje hubeba mzigo wa mawili, na siku ya siku hupasuka gari ikiwa imejaa inateremka mlima. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Niliogopa, na katika hofu ile sikuwa na mzaha hata chembe.

Nikamwomba shangazi amwambie baba apime.

"Mwari hasemi habari za mipira ya gari," alinijibu. Lakini kwa kuwa nilimkera mpaka usiku, alikwenda, akarudi na jibu la baba: "Kasema utulie. Lishagongwa."

Lishagongwa! Miaka yote hiyo namwingizia mkono mpaka kwenye kiwiko, na leo kwa kuwa nimepakwa liwa maneno yangu hayana uzito tena. Nilikasirika nikashindwa kulala.

Alfajiri ya siku ya ndoa tuliswali pamoja. Shangazi akishaswali husoma uradi mrefu, kafumba macho, na hata nyumba ikiungua atamaliza kwanza. Nilichukua buibui lake kwenye msumari, nikajifunika gubigubi, nikapita mlango wa jikoni, na njiani nikaopoa geji ya kupimia upepo kwenye sanduku la vyombo vya baba. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari una maua ya hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nikauinua juu kama wa mtu anayeapa. Nikachuchumaa nikauingiza wa kulia.

Themanini ndiyo iliyotakiwa. Geji ilinipa ishirini na nane.

Hapo nikakwama. Nikimwamsha baba ataniuliza nimejuaje, shangazi atabeba mkoba, na watu wa Fundo watakuta nyumba inazozana. Nikinyamaza, watapanda gari ile. Nikabaki nimechuchumaa nikiliangalia tairi la nje, limenona, halina habari, na ndipo shetani akaninong'oneza. Likilala la nje, wanaume wataliona. Wakiliona watalifungua. Wakilifungua, la ndani litabaki uchi mbele ya macho yao.

Nikafungua kifuniko cha la nje, nikautoa ule ulimi mdogo unaozuia upepo. Loo! Sikutegemea kelele zile. Upepo ulitoka kwa mlio ambao nilihisi unafika mpaka Chake. Na wakati huo huo akatokea jirani yetu mzee, anarudi msikitini na tasbihi yake.

"Asalaam alaikum, Bibi," alisema, maana buibui la shangazi lilikuwa na tarizi inayojulikana. "Mbona mapema?"

Nilikohoa kikohozi cha shangazi, kile cha kuanzia tumboni. "Waalaykum salaam."

"Gari hino yalia nini?"

"Yapumua," nilisema kwa sauti nzito.

"Haya, naipumue. Leo ina kazi." Akaenda zake.

Gari ilipoanza kuinamia kushoto nilirudisha kila kitu mahali pake, nikarudi ndani, nikatundika buibui, nikalala nikijifanya nina usingizi wa bi harusi. Shangazi alikuwa bado kwenye uradi.

Jua lilipochomoza nikamsikia baba. "Nani kanitenda miye? Nani?" Watu wakajaa. Mmoja akasema ni hasidi, mwengine akasema ni zaidi ya hasidi, na hapo kila mtu akapunguza sauti, kwa sababu kwetu mambo hayo hayasemwi kwa nguvu karibu na gari ya mtu. Harufu ya ubani ikaingia mpaka chumbani. Walikuwa wanalifukiza tairi! Niliuma mto nisicheke.

Kicheko kilikatika nilipomsikia jirani yetu akisema, taratibu, kama mtu anayeleta taarifa njema: "Miye alfajiri nilimkuta Bibi, dadako, papa hapa. Tukaamkiana."

 Shangazi, aliyekuwa ananikatia kucha, aliinua kichwa. Akaliangalia buibui lake msumarini, lina vumbi kwenye upindo. Akauangalia mkono wangu wa kulia, nilioficha chini ya kanga. Akaufunua. Ulikuwa mweusi kwa grisi mpaka kwenye kifundo.

"Weye," alinong'ona. "Weye kizee mbaya."

Nikamweleza kwa maneno machache kadiri nilivyoweza: ishirini na nane, mlima, watu wa Fundo. Aliniangalia kwa muda. Sijui alikuwa anapima nini moyoni, lakini nadhani aliona njia mbili. Ama aseme ukweli na dunia ijue kuwa amewahi kutorokwa na mwari, ama afanye alivyofanya. Alitoka mlangoni, akajitengeza mtandio.

"Ndiyo, nilikuwepo," alisema. "Namtafuta kuku wangu. Kuna la zaidi?"

Kutoka Wesha hakuja na hata unyoya wa kuku. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Alipokuja mchoraji wa hina kumalizia mkono wa kulia, alisugua grisi kwa ndimu, kwa sabuni, kwa mchanga, haikutoka. Alimtazama shangazi, shangazi akatazama dari. Basi yule mama akachora juu yake maua meusi mazito, yamebanana kutoka vidoleni mpaka juu ya kifundo, hata pale ambapo kawaida huachwa wazi. Wageni waliposikia huo ni mtindo mpya wote wakaupenda. Mwezi ule nusu ya mabi harusi wa Konde waliolewa na mkono mmoja mzito kuliko mwenzake.

Nje walikuwa wamefungua tairi. Nilisikia utingo akiguna, kisha baba akinyamaza kwa namna niliyoijua, kunyamaza kwa mtu aliyekuta msumari mahali alipoambiwa upo. Kiraka kikatiwa, pampu ikalia. Baadaye nikasikia nyayo zake ukumbini, akasimama upande wa pili wa pazia.

"Dada," alimwambia shangazi, "huyo hasidi katoa upepo wote. Kisha karejesha ulimi, karejesha kifuniko, na kakikaza. Hasidi gani anakaza kifuniko?"

Shangazi alikohoa. Nilifahamu kwamba kikohozi chenyewe ni kizuri kuliko nilivyokiiga.

"Mwanangu," alisema baba, "lilikuwa ngapi?"

Ningeweza kunyamaza. "Ishirini na nane," nilisema.

 "Niwie radhi," alisema. "Uliniambia, nikakufanya huna maana. Niwie radhi, mama."

Baba yangu hakuwa mtu wa kuomba radhi, hata kwa mkewe. Nililia, na shangazi akaniwahi machozi kwa ncha ya kanga, akihofia wanja.

"Sasa liko tatizo," aliendelea baba. "Utingo kwa haraka zake keshafunga tairi zote mbili kabla sijalipima la ndani. Kaligonga, asema zima. Kufungua tena, Adhuhuri itatukuta hapa na watu wako bandarini. Na miye bila ya kupimwa sendi."

"Mwari hatoki!" alisema shangazi.

"Basi na gari haitoki."

Walisimama hivyo, ndugu wawili, pazia katikati. Nilimwona shangazi akihesabu vidole, akitafuta katika harusi zake zote mfano wa jambo hili, na hakuupata. Mwisho alipiga kofi moja la nguvu akawaita wanawake waliokuwa jikoni.

Kila mmoja alipewa kanga aishike kwa ncha mbili. Wakaniweka katikati, wakaniambia niiname, na tukatoka mlango wa mbele kama hema linalotembea. Wanaume waliamrishwa wageukie ukutani, na wakageuka, na jirani yetu mzee pamoja nao. Kwenye tairi wanawake wakajipanga, kanga juu, kanga chini, jua halikupata hata upenyo. Shangazi mwenyewe alinishikia geji, mkono mwengine kashika ncha za nguo yangu zisiburure.

Nikapenyeza mkono wangu wenye maua. Piko lilikuwa limekauka. Nilipapasa, nikakipata kijidomo, nikabandika geji, na moyo ulinipiga kuliko ulivyokuja kunipiga mbele ya kadhi jioni ile. Nikaivuta nje, nikaisoma mara mbili.

"Themanini!" nilipiga kelele.

Nina hakika hakuna hata mmoja katika wale wanawake aliyejua themanini ni nini, lakini walipiga vigelegele mpaka kanga zikatetemeka, na shangazi alivipiga kuliko wote. Nyuma ya kanga nilimsikia utingo akiokota nondo yake, na sauti ya baba ikamkata: "Iweke hiyo. Keshasema themanini. Washa gari."