Barua za Mjomba Kutoka Xiaobei

Mjomba wangu, mwandishi wa riwaya, alikuja Guangzhou, Uchina, kutibiwa akakaa kwangu mtaa wa Xiaobei mpaka mauti yalipomkuta. Miaka miwili baadaye akanijia Mwingereza mzee, ambaye kazi yake ni kuandika maisha ya waandishi waliokufa. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, na maswali yake hayakuwa na kikomo. Mjomba alikunywa chai ya rangi au ya maziwa? Alilalia ubavu upi? Siku tano alinifuata hadi kibandani kwangu, soko la nguo la Shahe, akikaa juu ya marobota yangu ya suruali huku wateja wakimkwepa.

“Mama, dirisha lake lilitazama wapi?”

“Lilitazama ukuta, mzee wangu. Nimeshakwambia.”

“Lakini barua yake inasema aliona mto.”

Nikafunga kibanda, nikampeleka. Chumba alichofia mjomba, nilichokwisha kuhama, sasa ni stoo ya makava ya simu. Mpangaji alifungua mlango kidogo, akasema “meiyou, meiyou”, hakuna kitu hapa, lakini yule mzee alikwishapenyeza kichwa. Akauona ukuta. Akatoa nakala ya barua aliyopelekewa rafiki wa mjomba huko Uingereza, akasoma: “Kila asubuhi mto hupita chini ya dirisha langu, umebeba watu wasionijua.”

“Sura ya mwisho ya kitabu changu inaanza na sentensi hii,” akasema. “Nadhani mto ni ugonjwa wake. Waonaje?”

Nikachoka. “Mzee, huo mto niliuweka mimi! Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akitamka naandika. Siku ile alisema tu, ‘Mwambie sijambo.’ Niliona aibu kutuma neno moja. Nilikuwa nimetoka Pazhou, ng'ambo ya mto, nimevuka daraja, nikaongeza mto.”

“Alijua?”

“Nilimsomea. Akacheka, akasema, ‘Iache. Watadhani bado naweza kuandika.’”

Mzee akakaa kwenye ngazi, akauliza taratibu, “Na sentensi gani nyingine ni zako?”

Sikukumbuka. Kwa siku tatu zaidi alitandaza nakala za barua zote za mjomba juu ya meza yangu ya biashara, kidole juu ya kila mstari.

“Hii?”

“Yake.”

“Na hii?”

“Yangu. Nadhani.”

Siku ya tatu, barua kumi zikiwa hazijaguswa na mteja wangu wa Nairobi ameshakata tamaa akaenda kibanda cha jirani, nilimwambia zote zilizobaki ni za mjomba. Nilitaka aende kwao. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaandika hivyo.