Kazi ni ya Nyumba

Nilipoajiriwa kuwa afisa utumishi wa kiwanda kidogo cha kukausha vitunguu saumu, jirani na Tlawi, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni mahudhurio. Hakuna aliyekosa kazi. Msimu wa kupanda ulipita, misiba ikapita, mvua ikakata barabara, na kila asubuhi kila nafasi ilikuwa na mtu. Bosi wangu aliyekaa Arusha alifurahi hadi akataka niwaeleze wenzangu wa matawi mengine siri yangu. Niliwaeleza. Nilisema ni motisha.

Kisha nikaanza kutazama sura. Mzee wa mashine ya kukaushia alikuwa na ndevu Jumatatu, Jumanne hana, Jumatano anazo tena. Koti lilikuwa lile lile na gambuti zile zile. Nilimsogelea yule asiye na ndevu, nikamwamkia, nikamuuliza mwenye mashine yuko wapi. Akanijibu kwa utulivu kwamba kaka yake anapanda maharage.

Nilimwita kaka mtu ofisini. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba kama mzazi, na baada ya hapo ilinichukua muda kupata sauti ya kumwonya. Alinisikiliza nikieleza mkataba, mafunzo ya usalama na fidia ya mtu akiungua. Halafu naye akanieleza, kwa subira, jinsi watu wanavyoitana kazi kijijini: shamba la jirani likihitaji mikono, kila nyumba hutoa mtu. Atoke nani, hilo ni la nyumba yenyewe. Aibu ni nyumba kukosa kabisa.

“Binti yangu,” alisema, “kazi ni ya nyumba. Sasa nyumba yetu imewahi kukosa?”

Haikuwahi. Wala za wengine. Kwenye meza ya kuchambua kulikuwa na wifi aliyekaa mahali pa wifi yake muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimempongeza kwa bidii, kwa jina lisilo lake.

Nilimpigia bosi. Akasema mkaguzi wa kazi anakuja wiki ile ile, na akimkuta mtu asiye na mkataba kwenye mashine, mwenye mkataba afukuzwe. Nilipata tabu. Mshahara wa yule mzee ndio uliolisha nyumba yake na ya mdogo wake. Tena kupata mwingine hakukuwa rahisi: aliyemtangulia, fundi mwenye cheti kutoka mjini, alikaa hadi baridi ya Julai ilipoanza.

Nikapita meza kwa meza. Niliwaambia mkaguzi anataka kuwaona wenye kazi, kwamba jambo ni zito, na kwamba tafadhali wasikose. Wote waliitikia kwa vichwa. Nilijiona nimeeleweka.

Asubuhi ya ukaguzi uwanja ulikuwa umejaa. Kila nyumba ilikuja nzima, kwa sababu kwenye jambo zito haendi mtu mmoja. Kando ya mashine walisimama mzee, mdogo wake, wake zao wote wawili, na mama yao mzazi, aliyekalishwa juu ya kreti akiwa amejifunika blanketi. Mkaguzi alishuka kwenye gari akaniuliza kama kuna mkutano wa hadhara.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akauliza mwenye kazi ni nani. Wote walimtazama mama. Mkaguzi, ambaye kwao ni Mogitu na amelelewa vizuri, aliinama akatoa shikamoo.

“Marahaba,” mama alisema. “Ni mimi. Hawa nawatuma tu.”

Mkaguzi alinipa mgongo akaandika kwa muda, mabega yakimtikisika. Kisha akanivuta pembeni. Sheria haijui nyumba, alisema, inajua mtu. Kila anayegusa mashine awe na mkataba wake na mafunzo yake. Asiye navyo akae mbali nayo. Akatupa mwezi mmoja.

Bosi bado alitaka kufukuza. Nilimwambia kwenye simu kwamba kumfukuza mzee ni kumfukuza mama, naye ataondoka na watu wake wote, na mashine itabaki na mimi nisiyejua hata kuiwasha. Akaniuliza mkataba wa nusu wiki unaandikwaje. Ndugu wale wawili walipewa mafunzo, wakasaini, wakagawana siku. Mama aliletewa nakala zote mbili azitunze.

Baadaye homa ikanilaza. Niliporudi ofisini nilimkuta mama mwenye nyumba niliyopanga ameketi kwenye kiti changu, anapukuchua maharage juu ya fomu za likizo. Nilimwamkia, nikamuuliza kulikoni.

“Si unakaa kwangu?” alisema. “Ukaumwa. Nikaona tusikose.”

Nikaanza kumweleza kuhusu mkataba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea kiti cha wageni.