Bomba Nililoligeuza Kutoka Kibla

Watu wa Isiolo siwahadithii hii, kwa sababu wengi walikuwa wamekaa pale kwa mkeka na wanaijua kunishinda, lakini nyinyi mmetoka mbali na mmeniuliza kwa nini mzee anaishi peke yake kwa nyumba kubwa hivi, basi kunyweni chai niwaambie, na mkitaka kucheka chekeni, aibu yangu nilishaimaliza (uongo, haijaisha).

Mke wangu ni Kabale. Ana pumu. Tulipokuwa na ng'ombe huko Sericho haikuwa hivyo, alikuwa anaenda kisimani na mtoto mgongoni akiimba njia nzima (hamkumsikia, nawaonea huruma), lakini tulipohamia mjini kifua kikaanza kumbana, daktari akasema ni vumbi, na Isiolo bila vumbi ni Isiolo gani? Ikafika mahali analala ameketi. Binti yetu akaja akamchukua, akampeleka kwake Timau, huko juu kwenye baridi na nyasi, na mimi nikabaki.

Sasa, kijana wetu Jillo alikuwa amepata kazi ya kaunti, hizi kazi zilizokuja na ugatuzi, akajenga hii nyumba, akasema, "Baba, mama atarudi. Naweka mashine ya kufagia ndani ya ukuta." Nikamuuliza kama amerogwa. Lakini iko. Mashine yenyewe inakaa stoo, imeshikizwa ukutani kama mtungi, mabomba ya plastiki yanapita ndani ya kuta, kila chumba kina tundu lenye kifuniko, unachomeka mpira mrefu pale, unawasha, vumbi la zulia linakimbia mpaka kwa ndoo ya stoo, halafu hewa inatoka nje kwa bomba la mwisho. Kati ya ndoo na mota kuna kitambaa cha kuchuja, kama mfuko. Hicho kitambaa mkikumbuke.

Fundi alikuwa Mmeru, anaitwa Mutwiri, mtu wa maneno mengi kama mimi. Alitaka bomba la mwisho litokee kaskazini, kwa ploti tupu. Nikaruka. "Huko ni kibla! Uchafu wa nyumba yangu utatemwa kuelekea Makka?"

"Lakini mzee, ule upande mwingine ni wa kivuli. Si ndiko mnakaa na wageni?"

"Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, mzee," akasema, akatoboa ukuta wa kivulini, chini tu, kimo cha mtu aliyeketi.

Kabale akakubali kuja kuangalia. Ndugu yake Boru akanipigia simu, akasema atamleta yeye mwenyewe kwa gari, nisome dua na wazee, na kifua kikikubali atabaki, lakini akimsikia akikohoa anamrudisha Timau na nisimsumbue tena. Mimi nikaanza kusafisha kama mwendawazimu. Nilivuta vumbi jekundu la kila kona, nikavuta majivu ya ubani, nikavuta manyoya ya ngozi za mbuzi, mpaka mashine ikaanza kulia kama ndama na nguvu ikapungua. Nikatoa kile kitambaa, nikakifua, nikakianika kwa ua. Mbuzi akakila. Akakila chote! (Huyo mbuzi ndiye niliwachinjia wageni, kwa hivyo ukiangalia vizuri walikula pia kitambaa.) Nikafunga mashine hivyo hivyo bila kitu, nikasema ni leo tu, kesho Mutwiri ataleta kingine. Na ndoo ilikuwa imejaa mpaka juu, nilitaka kuimwaga, lakini gari la Boru lilikuwa limeshapiga honi getini.

Kabale akavua viatu, akaingia, akasimama katikati ya sebule, akavuta pumzi. Pumzi ndefu. Akavuta tena. Akaniangalia akatabasamu, akasema, "Guyo, hapa naweza."

Mimi nikachagua kiti kizuri kuliko vyote, nikakiweka kivulini, mgongo kwa ukuta, mahali upepo wa barabara haumfikii, nikamkalisha hapo mwenyewe. Wazee wakakaa kwa mkeka na kanzu zao nyeupe, sheikh akasoma dua, tukaitikia amina, nyama ikaliwa, chai ikaja na buna, zile punje za kahawa zilizokaangwa kwa samli, na kama ningenyamaza wakati huo, leo chai hii angekuwa anawamiminia yeye.

Boru ndiye alianza. "Sodda," akaniita (ndiyo shemeji kwa lugha yetu), "ati ukuta wako unakula vumbi? Mbona mimi naona ukuta tu?" Wazee wakacheka. Mwingine akasema, "Labda unakula usiku, kama fisi." Wakacheka zaidi. Nami nikasimama. "Ngojeni muone!" Nikaingia ndani, nikachomeka mpira, nikawasha. Ikanguruma vizuri sana, nguvu kama ya siku ya kwanza. Nikasikia kelele nje, watu wanapiga makelele, nikadhani wanashangilia, wallahi, nikaenda nikachomeka chumba cha pili.

Nilipotoka, kanzu zilikuwa nyekundu. Vikombe vya chai vilikuwa tope. Sheikh alikuwa na manyoya ya mbuzi kwa ndevu. Mtu mmoja akaanza kucheka, halafu wote wakageukia kile kiti, kwa sababu tulisikia kifua cha Kabale, kinalia kama mlango mkavu, na Boru amepiga magoti anamshikia ile dawa ya kupuliza mdomoni. Majivu yalikuwa kwa nyusi za mke wangu.

Boru akambeba mpaka kwenye gari. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Kabale alipopata pumzi kidogo akaniita dirishani, akasema, "Guyo, kile kiti ni wewe ulinichagulia." Hakusema kwa hasira. Wakaondoka.

Sheikh alibaki nyuma akijipangusa. Akaniuliza mbona bomba likatokea kivulini, nikamweleza habari ya kibla. "Guyo, bomba linaswali? Ungeniuliza tu. Si mimi niko msikitini kila siku?"

Mutwiri alirudi akaligeuza, sasa linatema kwa ploti tupu. Kitambaa nakianika ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Ndoo namwaga kabla haijafika nusu. Na nimeapa, mtu akinicheka tena mimi sisimami, nakaa, acheke mpaka achoke.

Huwa nampigia Kabale simu jioni. Juzi akaniuliza, "Nyumba iko safi?"

"Safi kabisa."

"Sawa," akasema. "Kaa nayo."

Zulia ni hilo. Angalieni, hata unyayo hakuna.