Mfua Jezi

Mfua jezi wa timu ya kikosi cha jeshi, Maskati, hakuiamini mashine. Alifulia kwenye beseni, nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, na kila jezi aliinusa kabla ya kuitia majini. "Huyu jana kala papa," akisema peke yake, kwa Kiunguja chake cha taratibu. Msimu ule wa vita vya Kuwait, kila wiki kocha Musallam alipokonywa wachezaji wakapelekwa vitani. Winga wake, Khalil, aliondoka Jumatatu. Alhamisi, saa moja kabla ya mechi, Musallam akaja na winga mpya.

"Mpe saba, mzee wangu."

"Haijakauka."

Musallam akatazama kambani. Jezi ya Khalil, namba saba, ilikuwa ikipepea, kavu tangu asubuhi. Kwa jua la Maskati nguo haimalizi saa. Mzee alikuwa ameishika ncha kwa vidole viwili, hamtazami mtu.

"Basi mpe kumi na nne," kocha akasema, na hakuiulizia tena. Saba ikawa inafuliwa kila Jumamosi bila ya kuvaliwa, mpaka Machi, Khalil alipoingia mlangoni amekonda. Mzee akakaa chini, akalia mbele ya timu nzima.